Mfunge Mbuzi Mtini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Auleria alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kuteka maji bombani. Ya pili ilikuwa kumwamsha mdogo wake Adelard, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko kuteka maji. Ya tatu ilikuwa kusimama wima wakati wa sala bila kusinzia, hata baba yake alipoanza kuwaombea ndugu wote wa Bukoba, mmoja mmoja kwa jina.

Baba yake, Mzee Theonest, alikuwa karani katika bohari moja karibu na bandari. Alikuwa mtu wa sala ndefu na viatu vinavyong'aa. Nyumba yao ilikuwa Temeke, na wakati ule, mwaka 1952, Temeke ilikuwa bado na nafasi. Kila nyumba ilikuwa na ua mkubwa wa kupanda mchicha, bamia na chochote ambacho kuku wa jirani wasingekiwahi.

Ng'ambo ya barabara lilikuwapo duka la nguo la Bwana Abdulrasul, na mbele ya duka hilo ulisimama mtini. Mama yake Bwana Abdulrasul, Bi Shamshad, aliuleta ukiwa kijiti ndani ya kikapu, siku alipofika na mumewe kufungua duka. Sasa mumewe alikuwa amekwisha kufariki, macho ya bibi yalikuwa yamefifia, lakini mti ulikuwa unazaa. Tini zilipoiva, Bi Shamshad alipeleka sahani kila nyumba ya jirani, ya Waislamu na ya Wakristo. Bibi Hija, mzee wa Kizaramo aliyepakana na kina Auleria, kila mwaka alisema hapendi tini hata kidogo, na kila mwaka alirudisha sahani tupu.

Siku moja walikuja wapimaji wa barabara. Walipima, wakaandika, wakapaka alama ya chokaa kwenye shina la mtini. Barabara ingepanuliwa, na mti ungekatwa baada ya wiki tano, siku ya Jumamosi.

Jioni ile Bwana Abdulrasul alibisha hodi kwa Mzee Theonest. Mkononi alikuwa na vijiti vitatu vilivyofungwa kwa kitambaa chenye maji.

"Karani," alisema, "mama yangu hali akashiba. Anasema yeye na mti watoke siku moja. Nimemwambia, mama, tutaupata mti huu katika watoto wake. Lakini uani kwangu ni saruji tupu. Wewe una ardhi. Vijiti hivi vikishika, moyo wake utatulia."

"Bwana Abdulrasul, umefika kwa mwenyewe!" alisema Mzee Theonest, akarekebisha kofia yake. "Kwetu Bukoba tuna mti unaitwa mtoma. Tunakata tawi, tunalichomeka, ukigeuka nyuma ni kivuli. Sasa mti ambao mzee wetu Adamu alijishonea nguo kwa majani yake, huo unishinde mimi?"

"Usiufanyie haraka tu. Maji kidogo kila jioni. Majani utayaona baada ya mwezi. Na samadi ya mbuzi. Mti huu unapenda sana samadi ya mbuzi."

"Auleria!" aliita baba yake. "Tangu leo wewe ndiye mlinzi wa mitini."

Auleria, msichana wa miaka kumi na mmoja, alijiona ameongezeka urefu.

Vijiti vikapandwa kwa mstari karibu na jiko la nje, na tangu siku hiyo neno "mtini" katika nyumba ile likawa na maana moja tu. Siku ya pili Adelard alipiga kelele kutoka nje, "Mpira umenasa mtini!" Mzee Theonest akatoka mbio na kiatu kimoja, uso umejaa hofu. Mpira ulikuwa umenasa juu ya mkorosho wa Bibi Hija.

"Kwa nini husemi mkorosho?" alifoka.

"Baba, mkorosho si mti?"

"Mti ni mti. Mtini ni mtini!"

Mama yao, aliyeitwa Demetria, alicheka mpaka akaweka chini mwiko.

Siku ya nne Auleria alirudi kutoka shule akamkuta Bibi Hija mlangoni, amejitanda kanga, ana haraka. Ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwapo Jumbe. Jumbe alikuwa beberu mwenye ndevu ndefu. Alipewa jina hilo kwa sababu, kama majumbe wa serikali, aliingia kila nyumba bila kukaribishwa na kula kilichopo.

"Mjukuu wangu, nakwenda msibani Mbagala, wenzangu wananingoja. Nishikie huyu. Mfunge mtini, asije akazurura."

"Mtini, bibi?"

"Mtini, mtini! Masikio umeyaacha shule?" Na Bibi Hija akaondoka kwa mwendo wa kukimbia.

Auleria alimtazama Jumbe. Jumbe naye akamtazama Auleria. Kumfunga mbuzi mtini lilikuwa jambo la ajabu. Lakini Bibi Hija alikuwa mtu mzima, na Bwana Abdulrasul mwenyewe alisema mti unapenda samadi ya mbuzi. Labda ndiyo njia ya kuipata samadi ikiwa ya moto! Angeweza kumuuliza mama yake, aliyekuwa ndani anapiga pasi. Lakini nje wenzake walikuwa wanaita, "Auleria, njoo rede! Tumepungukiwa mmoja!" Na mtu anayeitwa kucheza rede hana nafasi ya kuuliza mara mbili.

Akapigilia kigingi kando ya vijiti vitatu, akamfunga Jumbe, akaenda kucheza.

Aliporudi, kijiti cha kwanza hakikuwapo. Cha pili hakikuwapo. Cha tatu kilikuwa mdomoni mwa Jumbe, kinachungulia upande mmoja, na mbuzi anatafuna polepole kama mtu anayepiga mswaki.

"Jumbe! Tema! Tema, nakuomba!"

Jumbe akameza.

Auleria alimwona baba yake katika mawazo, na Bwana Abdulrasul, na Bi Shamshad asiyekula akashiba. Angesema dakika ile, wangevuka barabara na kukata vijiti vingine, maana mtini ulikuwa bado umesimama. Lakini hofu haimpi mtu nafasi ya kufikiri vizuri. Macho yake yakaangukia uzio wa Bibi Hija. Ulikuwa uzio wa mbono, mmea ambao ukikichomeka kijiti chake ardhini huota hata ukikisahau. Vijiti vyake vilikuwa vinene kama vile, vya kijivu kama vile.

Akavunja vitatu, akavichomeka palepale, akasawazisha udongo.

Usiku ule baba yake alipomshukuru Mungu kwa ajili ya mitini na kwa ajili ya mlinzi wake mwaminifu, wote waliitika "Amina." Auleria aliisema yake ndani ya kiganja, ili Mungu asiisikie vizuri.

Zilipita siku kumi na mbili. Asubuhi ya siku ya kumi na tatu, sala ilikatizwa katikati ya ndugu wa Bukoba kwa kelele za Adelard aliyechelewa kuingia.

"Yameota! Baba, majani yameota!"

Mzee Theonest alitoka, akapiga magoti uani na suruali yake ya kazini. "Bwana Abdulrasul alisema mwezi mmoja!" alisema. "Siku kumi na sita tu! Mama Auleria, njoo uone nguvu ya sala!"

"Naiona," alisema Mama Demetria. "Naona pia na magoti ya suruali niliyoipiga pasi."

Siku hiyo habari ilifika bohari, na Jumapili ikafika kanisani. Mzee Theonest aliwaeleza watu namna ya kupanda mtini, na kila alipoeleza, siku zilipungua. Kwanza zilikuwa kumi na sita, halafu kumi, na kwa mzee mmoja asiyesikia vizuri zikawa saba.

Bibi Hija naye alikuja kutazama. Aliyatazama majani. Akautazama uzio wake. Akayatazama tena majani.

"Mtini mzuri sana huu, karani," alisema taratibu. "Kumbe na mie ni tajiri wa mitini, ila sikujijua."

"Bibi anapenda mzaha," alisema Mzee Theonest, akacheka.

Auleria hakucheka. Bibi Hija alimtazama yeye peke yake, akatikisa kichwa, akaenda zake. Tangu hapo Auleria alizunguka nyumba tatu ili asipite mlangoni kwake. Mara mbili alikwenda kwa baba yake na kufungua mdomo. Mara ya kwanza alisema, "Baba, ile mitini..." Baba akamjibu, "Najua, mwanangu, hata mimi siamini!" Mara ya pili aliishia kuomba penseli.

Ijumaa ilifika. Kesho yake asubuhi wakata miti wangekuja.

Alasiri, Bi Shamshad alivuka barabara ameshikwa mkono na mwanawe. Alikuwa hajavuka barabara ile kwa miezi mingi. Mama Demetria aliweka viti uani, chai na maandazi. Mzee Theonest alivaa kofia yake ya Jumapili. Bibi Hija alikuja bila kualikwa, akaketi karibu na maandazi.

"Shikamoo, Bibi," alisema Auleria.

"Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye mlinzi? Mungu akubariki. Nielekeze walipo watoto wangu."

"Wako mbele yako, mama," alisema Bwana Abdulrasul. Aliinama, akakunja uso. Alikuwa hodari wa kutambua khanga na marekani, lakini miti aliijua kwa mbali. "Mbona majani yanang'aa hivi, karani?"

"Samadi!" alisema Mzee Theonest. "Samadi na sala!"

Wakati huohuo kamba ilikatika ng'ambo ya uzio. Jumbe aliruka, akatua katikati ya wageni, akaielekea mitini.

"Yesu na Maria!" Mzee Theonest alitupa kikombe, akajitandaza mbele ya mimea na mikono wazi kama kipa. Jumbe akapita chini ya mkono wake wa kushoto. Mama Demetria alirusha kandambili, ikampata Bwana Abdulrasul. Adelard akadaka mkia, mkia ukamponyoka. Na mbuzi, mbele ya macho ya wote, akafika kwenye majani.

Akanusa. Akapiga chafya. Akageuka, akaichukua kofia ya Mzee Theonest iliyokuwa imeanguka chini, akaanza kuila.

Mzee Theonest akasimama, amejaa vumbi, na uso wake ukawaka kwa furaha.

"Mmeona?" alisema. "Mmeona wenyewe? Mbuzi anayekula hata makuti ya paa! Lakini huu ni mti wa Maandiko. Hata mnyama anauheshimu!"

"Subhanallah," alisema Bi Shamshad kwa upole. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio wake. "Basi, mwanangu, kesho waache wakate. Sina neno tena. Mama anaweza kwenda, maana watoto wake wako hai."

Auleria aliona kwamba ameokoka. Hakuna aliyejua ila Bibi Hija, na Bibi Hija alikuwa ametulia na andazi lake. Kesho mtini ungekatwa, na hapo hata akisema ingekuwa bure. Ingebaki miti mitatu ya mbono, na bibi yule kipofu nusu akiisubiri izae, mwaka hadi mwaka.

Moyoni alisema, "Mungu wangu, nisukume." Akasikia miguu yake imekwisha kutembea.

"Bibi, si watoto wake!" alilia. "Ni mbono! Mitini ililiwa na Jumbe, na mimi ndiye niliyemfunga. Nikavunja vijiti vya uzio, nikachomeka. Mbuzi hali mbono. Ndiyo maana..."

Jumbe aliendelea kutafuna kofia.

"Mbono?" alisema Mzee Theonest kwa sauti ndogo. Aliyatazama majani. Inaonekana alikuwa anawakumbuka watu wote wa kanisani, mmoja mmoja kwa jina.

"Mbono," alisema Bibi Hija, akijifuta mikono. "Tena wa kwangu. Uzio umebaki na mapengo matatu kama mtoto anayeng'oka meno. Nilikuwa nimempa mpaka adhana ya Magharibi aseme mwenyewe. Asingesema, ningesema mie."

"Lakini kwa nini, Auleria," aliuliza mama yake, "kwa nini ulimfunga mbuzi kwenye mtini?"

"Bibi Hija ndiye aliniambia. Alisema, mfunge mtini."

"Mie?" Bibi Hija alisimama. "Mie nilisema mtini, kwenye mti! Mkorosho wangu ule! Nani amfunge mbuzi..." Akalisikia neno lake mwenyewe. "Mtini," alisema. "Loo! Mtini."

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Shamshad. Alicheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka mwanawe akaogopa. Halafu akacheka Mama Demetria, na mwisho hata Mzee Theonest, japokuwa kicheko chake kilikuwa na huzuni ya kofia ndani yake.

Lakini Bi Shamshad aliacha kucheka mapema kuliko wote. "Jua limebaki kiasi gani?" aliuliza.

"Saa moja hivi, mama."

"Basi mnangoja nini? Leteni kisu!"

Wakavuka barabara wote kwa mwendo wa haraka. Bwana Abdulrasul alikuwa na kisu, Mama Demetria debe la maji, Adelard kitambaa, na Bibi Hija alimalizia maandazi akiwafuata. Bi Shamshad aliyapapasa matawi kwa vidole. "Hili kata. Hili changa mno, liache. Hili kata chini ya jicho." Walipata vijiti kumi na viwili.

Kisha bibi akachuma jani moja, akaliweka kwenye kiganja cha Auleria. "Lisugue. Unasikiaje?"

"Linakwaruza, Bibi. Kama ulimi wa paka."

"Na ule mbono wako ni laini. Macho yangu mabovu, binti yangu, lakini vidole vizima. Ningeligusa jani moja tu pale kwenu, ningejua."

"Mbona hukuligusa, Bibi?"

"Mlinzi alikuwapo. Nilimwamini mlinzi."

Maneno hayo yalimuumiza Auleria kuliko kiboko.

Siku ya pili mtini ulikatwa. Auleria aliomba ruhusa akae na Bi Shamshad ndani, na bibi akahesabu tasbihi, mpaka mashoka yalipokoma. Alasiri ile alikwenda kwa Bibi Hija kuziba yale mapengo matatu ya uzio, naye bibi alimsimamia kama mnyapara na kumlisha kama mgeni.

Jioni, Mzee Theonest aliketi na binti yake kando ya vijiti kumi na viwili vilivyozungushiwa miiba pande zote.

"Auleria, sikiliza," alisema. "Kosa la kwanza ulilifanya pamoja na mbuzi na Bibi Hija. Neno lilikuwa moja, maana mbili, na wewe ulikuwa na haraka ya rede. Kosa la namna hiyo ukilisema siku ileile, watu hucheka, hukata kijiti kingine, mambo yamekwisha. Lakini kosa la pili hukushirikiana na mtu wala mnyama. Uliupanda uongo, na uongo huota upesi. Siku kumi na mbili tu una majani. Ila hauzai kitu. Ukweli huchukua mwezi mzima, mtu anangoja na kumwagilia na kuomba, lakini mwisho watu hula."

Akashika kichwa chake kisicho na kofia.

"Na mimi," aliongeza, "nimejifunza kutotangaza alichofanya Mungu kabla sijaangalia jani vizuri. Jumapili nitawaambia wote. Itanichukua muda."

Vijiti saba vilikufa. Vitano vilishika, na majani yalitoka baada ya mwezi na siku tatu. Auleria aliyasugua kila jioni kwa kidole ili ahakikishe yanakwaruza.

Mwaka uliofuata mti mmoja ulizaa tini tisa. Auleria aliziweka kwenye sahani, akaipeleka kwanza ng'ambo ya barabara. Bi Shamshad alichukua moja, akainusa kwa muda mrefu kabla ya kuionja, kisha akambariki mlinzi. Sahani ikaendelea kwa Bibi Hija, ambaye alisema kwamba tini hazipendi hata kidogo, akairudisha tupu.

Na kila alipokwenda msibani, alimleta Jumbe mlangoni na kusema polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza: "Mjukuu wangu, mfunge kwenye mkorosho. Umesikia? M-ko-ro-sho."